Mguu wa Nne

Nyumbani kwetu Konektikati tulikuwa na viti arobaini na kimoja
na chakula tulikula tumesimama.
Baba alifunga uzi mwekundu, mkono hadi mkono,
kila kiti na uzi wake,
na wageni, wakiisha kukung'uta theluji,
walisimama kama watu waliofika matangani
wakakuta mikeka imekunjwa.

Leo uzi nimeukata. Baba tulimzika Jumanne.
Bibi Ludlow, mthamini, kaja na kurunzi na glavu
na jambo la kwanza, kabla hata ya pole,
alikipindua kiti.

"Kiti husema kweli kikiwa kichwa chini.
Juu ni nta, ni rangi, ni maneno ya muuzaji."

Nikapiga magoti zuliani nikafundishwa kusoma.
Kikalio ni msonobari: mlaini, humpokea kila mtu.
Miguu ni mepo: haisikii la mtu.
Fito za mgongoni ni hikori,
zilipikwa kwa mvuke zikapindwa zingali moto,
samaki mkunje angali mbichi, na mti vilevile.
Fundi alichomeka mguu mkavu katika kikalio kibichi,
kikalio kikakauka, kikaubana.
Hapana msumari. Hapana gundi.

Kwa ukucha akakwangua rangi chini ya ukingo:
nyeupe, nyekundu, nyeusi, na mwisho kabisa
kijani, kijani cha shaba iliyolala kwenye siki.
Kila kizazi kilikiona kimepitwa, kikakivisha.

Nikauliza nani alikikalia.

Katika daftari la Baba imo nakala ya orodha ya mirathi
ya Kapteni Elnathan Treadway, mwaka wa 1794:
*Viti sita vya kijani, shilingi nane kila kimoja.
Saa ya ukutani, haitembei.
Kondoo wawili majike.
Zilpah, pauni thelathini.*
Baba alipigia mstari viti.
Kisha, kwa wino mwingine,
labda mwaka mwingine,
akapigia mstari Zilpah
na pembeni akaandika: alikaa wapi?

Hilo hakunijibu mtu. Bibi Ludlow alikuwa
ameshuka miguuni na kurunzi yake.
Mitatu imelika kisiginoni,
ya nyuma zaidi, kwa wanaume waliojiegemeza baada ya kula.
Wa nne una kisigino kizima.
"Huu ni wa juzi," akasema,
na nikasikia nusu ya bei ikitoka kwa mlango wa jikoni.

Mimi naujua. Ni wa majira ya baridi Mama alipougua,
siku aliyokata uzi bila kuuliza,
akakaa dirishani kutazama ndege kwenye ua,
na mguu ukakatika chini yake.
Hakumgombeza. Usiku nilisikia kerezo ikilia chini ya ngazi,
asubuhi nywele zake zilikuwa na unga wa mepo
na Mama amekaa palepale, blanketi mapajani.
Hadi Machi alikuwa akikaa palepale.
Kisha uzi ukarudi.

Kuna watu humwita kiti yule apandwaye na pepo.
Basi Baba alikuwa kiti cha viti.
Viliingia nyumbani kimoja kimoja toka minada ya maghalani,
vikampanda, vikadai nta, vikadai kivuli,
vikadai sebule na baadaye kitanda changu.
Nilivichukia. Niseme kweli, bado.

"Niandike bei gani?" Bibi Ludlow, kalamu mkononi.

Nikakigeuza, nikakisimamisha, nikakaa.
Kililia kidogo, kikanyamaza.
Mguu wa nne haufiki sakafuni sawasawa,
pungufu kwa unene wa ukucha;
hukufanya uyumbe mbele,
kuelekea dirishani.

"Subiri," nikamwambia.
"Viko arobaini vingine. Vuta kimoja."
Alitazama mikono yake muda mrefu,
akavua glavu.